NANI MWENYE UWEZO WA KUFUTA LESENI YA DEREVA?



Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa wakingoja magari na wengine waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Hatuna nia ya kumhukumu mtu yeyote kwa ajili ya ajali ile. Tunaikumbusha kwa sababu kila yanapotokea maafa ya namna hiyo, iwe kwa majirani zetu au hapa kwetu, kauli moja husikika sokoni, kambini na ndani ya mabasi: "Wanyang'anywe leseni madereva hawa!"

Kauli hiyo ina haki ndani yake, kwani leseni ya udereva si zawadi, wala si mali ambayo mtu hurithi kwa baba yake. Ni ruhusa. Dola humruhusu mtu aongoze chombo kizito chenye kasi mahali wanapopita watoto wa shule na akina mama wenye mizigo kichwani, kwa sharti kwamba atakitumia kwa uangalifu. Na ruhusa yoyote yenye sharti huweza kuondolewa. Lakini hapo ndipo maswali yanapoanza. Nani mwenye uwezo wa kuiondoa? Kwa kosa gani? Kwa muda gani? Na aliyeondolewa ruhusa hiyo ana njia gani ya kujitetea? Leo tutajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuitazama sheria ya jirani zetu wa Kenya. Madereva wetu wengi huingia katika nchi hiyo kila siku kupitia Namanga, Sirari, Holili na Horohoro, na askari wetu hukutana na wenzao wa huko katika mazoezi ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, enzi za ukoloni, na tangu hapo imerekebishwa mara nyingi. Marekebisho makubwa yalifanywa mwaka 2012, na adhabu nyingi zikaongezwa. Mwaka huo huo ilitungwa pia sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, ambayo ndiyo inayotoa leseni za udereva na kutunza kumbukumbu zake.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuyatenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya na kuyaita yote kwa jina moja la "kunyang'anywa leseni."

La kwanza ni kuandikiwa kosa. Mahakama huamuru kwamba hukumu aliyopewa dereva iandikwe katika leseni yake au katika kumbukumbu za leseni hiyo. Dereva huendelea kuendesha, lakini kosa lake humfuata, na akitenda jingine hakimu hulikuta la kwanza likimngoja.

La pili ni kusimamishwa. Leseni hukosa nguvu kwa muda uliotajwa, na muda huo ukiisha hurudi kuwa halali.

La tatu ni kufutwa. Leseni hufa. Mwenye leseni hiyo akitaka tena kuendesha hana budi kuomba upya, na haruhusiwi hata kuomba mpaka muda aliowekewa na mahakama wa kutokuwa na leseni umalizike.

La nne, ambalo ndilo linaloonekana zaidi barabarani, ni askari kuichukua leseni mkononi mwa dereva. Hili halifanani na lolote kati ya yale matatu ya kwanza, nasi tutalirudia baadaye kwa sababu lina uzito wa pekee kwa baadhi yenu mnaotusikiliza.

Sasa, ni nani mwenye uwezo wa kufuta? Kwa sehemu kubwa kabisa, jibu ni mahakama. Sehemu ya Nane ya Sheria ya Trafiki ya Kenya inampa hakimu uwezo wa kufuta leseni, kuisimamisha, au kuamuru kosa liandikwe, baada ya dereva kupatikana na hatia ya kosa linalohusu uendeshaji. Neno zito hapo ni "hatia." Dhana haitoshi, hasira ya wananchi waliozunguka gari lililopinduka haitoshi, wala maneno ya askari peke yake hayatoshi. Lazima pawe na shtaka, pawe na ushahidi, mshtakiwa asikilizwe, kisha hakimu atoe hukumu. Kwa makosa mengi ya uendeshaji hakimu huachiwa apime mwenyewe kama leseni iguswe au isiguswe. Lakini yapo makosa ambayo sheria imemfunga mikono, na ni vema kila anayeshika usukani akayajua.

Kosa la kwanza ni kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo, kwa mwendo wa hatari, au kwa namna iliyo hatari kwa watu. Kifungu cha 46 kinasema kwamba mwenye hatia anaweza kufungwa hadi miaka 10. Zaidi ya hapo, mahakama ni lazima ifute leseni yake na kumzuia kuwa na leseni nyingine kwa miaka 3. Kifungu hicho hakimhusu mwenye kwenda mbio peke yake. Kinamhusu pia yule aliyeliacha gari lake barabarani mahali pabaya, au katika hali ya kuhatarisha wengine, mtu akafa kwa sababu hiyo. Dereva wa lori bovu aliyelala kando ya barabara usiku bila taa wala alama yoyote ya kuwaonya wenzake asidhani kwamba amesalimika kwa kuwa gari lake lilikuwa limesimama.

Angalieni pia jinsi miaka hiyo mitatu inavyohesabiwa. Inaanza siku ya hukumu au siku kifungo kinapomalizika, ile itakayochelewa zaidi. Tuchukue mfano. Dereva akihukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi Januari 2026, akakitumikia chote, atatoka mwezi Januari 2030. Miaka yake mitatu ya kukaa bila leseni itaanza hapo, na hatashika usukani kwa halali mpaka Januari 2033. Watunga sheria walifanya hivyo kwa busara. Kama miaka hiyo ingehesabiwa tangu siku ya hukumu, ingemalizika mtu akiwa bado gerezani, na adhabu ya leseni ingekuwa maneno matupu.

Kosa la pili ni ulevi. Mtu anayeendesha, anayejaribu kuendesha, au aliye na dhamana ya gari barabarani, huku kileo au dawa imemzidi hata hawezi kulimudu gari sawasawa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Juu ya hayo, sheria inamzuia kuwa na leseni kwa miezi 12, na mahakama ikiona inafaa inaweza kuuongeza muda huo. Sikilizeni vizuri maneno "aliye na dhamana ya gari." Mtu anaweza kuwa amekaa tu nyuma ya usukani, funguo mkononi, gari halijatembea hata hatua moja, naye akajikuta anajibu shtaka. Huo ni ujumbe kwa wale wenye tabia ya kusema, "Nilikuwa napumzika tu ili pombe ipungue."

Njia nyingine ya kuondolewa leseni haihusu kosa lolote, nayo ni ugonjwa au ulemavu. Anayeomba leseni hutakiwa kueleza kama ana maradhi yanayoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa wengine. Na hata baada ya kupewa leseni, wanaoitoa wakiwa na sababu za kuamini kwamba mwenye leseni amepatwa na hali ya namna hiyo, kama macho yaliyofifia au kifafa, wanaweza kuchukua hatua ya kuiondoa. Hapa mahakama haihitajiki kwanza, kwa sababu hakuna anayelaumiwa. Lakini hata hapa afisa hana ruhusa ya kuamka asubuhi na kuamua apendavyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na vyombo vya utawala, na mtu ambaye haki yake imeguswa au yu karibu kuguswa na uamuzi wa vyombo hivyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 ilitungwa sheria maalumu ya kuitekeleza ibara hiyo. Kwa hiyo barua ya kumwondolea mtu leseni isiyotaja sababu yoyote ni barua inayoweza kupingwa.

Tunapenda kuondoa pia utata mmoja ambao hata magazeti huuzidisha. Mara kwa mara husikika kwamba chama fulani cha matatu au kampuni fulani ya mabasi nchini Kenya "imefutiwa leseni" baada ya ajali. Leseni inayozungumzwa hapo ni leseni ya biashara ya kuchukua abiria, ambayo hutolewa kwa mwenye magari, nayo huweza kusimamishwa au kufutwa na Mamlaka ya Usafiri endapo masharti yake yamevunjwa. Mwenye magari asiyeridhika hupeleka malalamiko yake katika Bodi ya Rufaa za Leseni za Usafiri. Leseni ya udereva ni kitu kingine kabisa. Madereva wa kampuni iliyosimamishwa bado ni madereva halali. Na dereva aliyefutiwa leseni na mahakama hawezi kuponywa kwa kuhamia kampuni nyingine yenye leseni safi. Leseni ya kwanza ni ya biashara, na ya pili ni ya mtu. Askari anayekagua gari hana budi kujua ni ipi anayoishika mkononi.

Na sasa turudi kwenye lile jambo la nne, la askari na leseni barabarani.

Sheria inamtaka dereva aichukue leseni yake anapoendesha, na aitoe askari polisi anapoitaka ili ikaguliwe. Askari ana haki ya kuisoma, kulinganisha picha na sura, na kuandika namba yake. Akiishuku kuwa ni ya kughushi, anaweza kuishika kama kielelezo cha ushahidi, kama ambavyo angeshika kitu kingine chochote cha jinai. Lakini hakuna mahali popote ambapo askari wa barabarani amepewa uwezo wa hakimu. Hafuti leseni. Haisimamishi kwa wiki mbili wala kwa siku mbili. Dereva ambaye leseni yake imo mfukoni mwa askari bado, machoni pa sheria, ni dereva mwenye leseni.

Baadhi ya wasikilizaji watauliza: kuna ubaya gani askari akiishika leseni ya dereva mkorofi ili kumtia adabu? Ubaya ni mkubwa, nao una pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa dereva. Leseni inayoshikwa bila sheria hugeuka kuwa bidhaa, na bidhaa haikosi bei. Dereva ambaye kesho asubuhi lazima apakie mzigo hatangoja adabu. Atauliza ni kiasi gani. Hapo askari aliyeanza kwa nia ya kuonya anajikuta dukani.

Upande wa pili ni wa raia, na huu mara nyingi hausemwi. Dereva aliyelipa akarudishiwa leseni yake hajashtakiwa. Kwa kuwa hajashtakiwa, hana hatia, na kwa kuwa hana hatia, hakuna hakimu atakayeigusa leseni yake. Rekodi yake inabaki nyeupe kama pamba. Mwezi ujao ataendesha amelewa tena, na atakapoua mtu na hatimaye kufikishwa mahakamani, wakili wake atasimama na kusema: "Mheshimiwa, mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza." Na hakutakuwa na karatasi hata moja ya kumpinga. Hivyo yule askari aliyeshika leseni kwa njia ya mkato ndiye aliyeizuia isifutwe kwa njia ya haki.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Polisi, ijapokuwa hakimu ndiye anayetia saini amri ya kufuta leseni, kazi yenyewe huanza katika daftari la konstebo. Hakimu haoni barabara. Huona jalada. Ikiwa mchoro wa mahali pa ajali haukupimwa, ikiwa majina ya mashahidi hayakuandikwa kabla hawajatawanyika, ikiwa aliyelewa alipelekwa kwa daktari siku ya pili wakati kileo kimekwisha mwilini, basi jalada litakuwa tupu, na dereva wa hatari atatoka mahakamani na leseni yake mfukoni. Familia iliyozika haitamlaumu hakimu peke yake.

Tuwageukie sasa wanajeshi. Iko dhana mbaya, katika nchi nyingi, kwamba sare ni leseni. Anayevaa sare huongoza gari kwa mwendo autakao, hupita taa nyekundu pasipo dharura yoyote, na akisimamishwa hujitambulisha kwa cheo badala ya karatasi. Katiba ya Kenya inakataa jambo hilo waziwazi. Ibara ya 27 inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na Ibara ya 238 inataka usalama wa taifa wenyewe utafutwe kwa kuifuata sheria. Waswahili walilisema hilo kabla ya katiba zote: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Ni kweli kwamba mkuu wa kikosi anaweza kumwondoa dereva wake kwenye usukani wa gari la jeshi wakati wowote aonapo hafai. Huo ni uamuzi wa kazi, nao ni wa lazima kwa nidhamu. Lakini uamuzi huo haufuti leseni ya mtu, kama ambavyo huruma ya mkuu wa kikosi haiwezi kuirudisha leseni iliyofutwa na mahakama. Dereva aliyezuiwa na hakimu, akaamriwa na mkubwa wake aendeshe, bado anatenda kosa, kwani kuendesha wakati umezuiwa ni kosa jingine linalojitegemea. Zaidi ya hayo, bima za magari kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha asiwe mtu aliyezuiwa kuwa na leseni. Akigonga, mzigo wa fidia unaweza kumrudia mwenye gari.

Je, aliyefutiwa leseni hana kimbilio? Analo. Anaweza kukata rufaa katika mahakama ya juu dhidi ya amri hiyo, kama anavyoweza kukata rufaa dhidi ya hukumu yenyewe, na anaweza kuomba amri isitekelezwe mpaka rufaa isikilizwe. Kukubaliwa au kukataliwa ni juu ya mahakama. Lakini asijidanganye kwamba kukata rufaa peke yake ni ruhusa ya kurudi barabarani. Mpaka mahakama itamke, amri iliyopo ndiyo amri.

Na dereva wetu wa Tanzania akipatwa na mkasa huo akiwa Kenya? Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968 juu ya Usafiri wa Barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unaeleza utaratibu. Nchi ambamo kosa limetendwa inaweza kumwondolea mgeni haki ya kuitumia leseni yake ndani ya mipaka yake. Inaweza pia kuishika leseni hiyo mpaka muda wa adhabu uishe au mpaka mwenyewe aondoke nchini, lile litakalotangulia. Lakini adhabu hiyo mipaka yake ni mipaka ya nchi hiyo. Leseni ya nchi moja haifutwi na nchi nyingine. Mkataba uliotangulia, wa Geneva wa mwaka 1949, ulikuwa na sharti la namna hiyo hiyo. Dereva atakayevuka Namanga kurudi nyumbani atakuwa na leseni yake, ila asishangae habari zake zikiwa zimemtangulia, kwa kuwa nchi iliyomwadhibu inaweza kuijulisha nchi iliyompa leseni.

Hapa kwetu nasi tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na msingi wake unafanana na wa majirani zetu: askari hukagua na kushtaki, mahakama huhukumu. Mgawanyo huo wa kazi haukuwekwa ili kuwasumbua askari. Umewekwa ili dereva mwema asiwe mtumwa wa kila kizuizi anachokipita, na ili dereva mwovu asiweze kuinunua nafasi ya kuua mara ya pili.

Ndugu wasikilizaji, leseni ni kadi ndogo inayoingia katika mfuko wa shati, lakini kwa dereva ni chakula cha watoto wake, na kwa mpita njia ni ahadi kwamba atafika nyumbani. Askari atakayeisimamisha gari usiku wa leo, pengine mvua ikinyesha na yeye amechoka, atakuwa ameshika vyote viwili mkononi. Aisome, aandike anachopaswa kuandika, amrudishie mwenyewe, na ikiwa pana kosa, amwite mahakamani.